Shela Haikuzaliwa na Hoteli

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Limezuka neno katika midomo ya watu, na baadhi yao ni watoto wetu wenyewe, kwamba Shela haikuwa kitu mpaka ilipokuja hoteli. Wasema palikuwa na mchanga na vibanda na wavuvi wasiokuwa na mbele wala nyuma. Kisha mwaka 1967 ikafunguliwa hoteli ya Peponi, ndipo Shela ikawa Shela. Wageni huambiwa hivyo, na mgeni hana lawama, kwani mgeni huamini alilotangulia kuambiwa. Lawama ni yetu sisi tuliolisikia neno hili tukanyamaza, na wengine wetu tukalikariri ili tupate kuuza.

Tumeona ni wajibu kulijibu, kwa sababu uwongo huu una madhara yanayoonekana kwa macho. Mtu akiaminishwa kuwa kwao hapakuwa na kitu, hukuuza kwao kwa wepesi, na tena hushukuru. Hayo ndiyo yaliyotokea Shela, na ndiyo yanayotokea katika vijiji vingi vya pwani yetu.

SHELA KABLA YA HOTELI

Asiyeijua Shela na ajue kuwa ni kijiji katika kisiwa cha Lamu, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini, mahali bahari inapoingia baina ya kisiwa hicho na kisiwa cha Manda. Ng'ambo, huko Manda, yako magofu ya Takwa. Takwa ulikuwa mji wa Waislamu, una ukuta wake na msikiti wake wa Ijumaa, na hapo pana kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 Hijria, yaani karibu na mwaka 1683 Miladia. Katika zama hizo watu wa Takwa waliuhama mji wao. Sababu zitajwazo ni vita, na maji ya visima kuingia chumvi. Wazee wa Shela wamepokea kwa wazee wao kuwa asili yao ni huko, na vizazi kwa vizazi wamekuwa wakivuka kwenda kuzuru kaburi hilo na kuomba mvua. Hatuingii hapa katika mjadala wa ziara. Twalitaja jambo hili ili ijulikane kuwa watu hawa wana kumbukumbu ya zaidi ya miaka mia tatu, wanajua walikotoka na kwa nini waliondoka.

Yapata mwaka 1813 Mazrui wa Mombasa, wakishirikiana na watu wa Pate, walileta jeshi kuitwaa Lamu, na pwani waliyoshukia ilikuwa Shela. Watu wa Lamu wakawatokea, vita vikapigwa mchangani, na wavamizi wakavunjika. Walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa, maji yametoka. Waliouawa walikuwa wengi, na kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa yao katika vilima vya mchanga. Baada ya hapo watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, waliomba himaya kwa Seyyid Said bin Sultan wa Omani, naye akaleta liwali. Na ngome ya Lamu ikamalizwa kujengwa mwaka 1821. Kutoka hapo mkono wa Seyyid Said ukazidi kunyooka katika pwani hii mpaka Mombasa na Unguja. Basi mchanga huo ambao leo watu hulala juani umepitiwa na mambo makubwa yaliyogeuza historia ya pwani yote.

Mwaka 1829 ukajengwa msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara wa duara uliochongoka, mnara ambao hata leo mwenye chombo huuona kutoka baharini. Katika karne hiyo hiyo ikajengwa misikiti mingine, na nyumba za mawe za ghorofa. Mafundi wake walikuwa watu wa kwetu: walijua kuchonga matumbawe, kuchoma chokaa, kupanga boriti, na kupima upana wa chumba kwa urefu wa boriti iliyopo. Nyumba ilikuwa na daka la kupokelea watu, kiwanda cha kuingizia mwangaza, zidaka za ukutani, na ndani mahali pa wenye nyumba pasipoingia macho ya mpita njia. Ramani hiyo ya nyumba ilifuata adabu ya dini yetu, kuwa mgeni akirimiwe na heshima ya wenyeji ihifadhiwe.

Wala hatutaki kuficha lisilopendeza. Mali iliyojenga nyumba hizo ilitoka katika biashara ya majahazi, na katika mashamba ya barani yaliyolimwa na watumwa. Mwenye kuisifu nyumba bila kumtaja aliyechoma chokaa yake hajasema kweli yote. Wako watu wa Shela leo walio wajukuu wa mabwana, na wako walio wajukuu wa waliotumikishwa, na wote wana haki katika kijiji, kwani wote wamekijenga.

Na ama wageni, hao walikuwako tangu zamani. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakangojea kusi ili yarejee. Baharia akikaa miezi, alilala wapi? Wenye nyumba walikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na chumba cha wake na watoto. Asiyekuwa na mwenyeji alilala msikitini, akatawadha katika birika, akaletewa chakula. Dini yetu imemfundisha Muislamu kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa Shela ilifundishwa kupokea wageni mwaka 1967 hajui anachokisema.

JINSI HOTELI ILIVYOKUJA

Itaulizwa: ikiwa Shela ilikuwa hivyo, ilikuwaje ikadhoofika? Jawabu si gumu. Reli ilipotoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, biashara ikafuata reli, na bandari ndogo zikaachwa. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na kufutwa kwake ni haki. Lakini wenye mashamba walikuwa hawakujua njia nyingine ya kulima, mashamba yakawa pori. Watu wa Shela wengi walikuwa wamekwishaanza kuhama, na mpaka leo mjini Malindi uko mtaa unaoitwa Shela. Nyumba zilizobaki zikakosa wa kuzipaka chokaa, dari zikaoza, kuta zikaota miti. Halafu ikaja vita ya shifta baada ya uhuru, njia za barani zikawa na hofu. Na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo, biashara iliyokuwa riziki ya watu wengi wa visiwa hivi.

Katika hali hiyo ya unyonge ndipo zilipokuja hoteli. Mjini Lamu tangu zama za Mwingereza palikuwa na nyumba ya kulala wageni iitwayo Petley's. Huko Shela, mwaka 1967, familia ya Kizungu ikafungua hoteli yenye vyumba vichache ukingoni mwa bahari, ikaipa jina Peponi. Wengine hulifasiri jina hilo kwa Pepo ya Akhera, wengine kwa pepo za baharini. Sisi hatugombani na jina, wala hatuna ugomvi na hoteli hiyo, ambayo imekuwa jirani kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1970 wakaja vijana wa Ulaya na Marekani wenye mikoba mgongoni, wakilala juu ya dari za watu kwa pesa kidogo. Na baada yao wakaja wenye pesa nyingi, ambao hawakutaka kulala tu, walitaka kununua. Mwaka 2001 UNESCO ikautia mji mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia, jina la kisiwa likazidi kutajwa, na bei za nyumba zikapanda.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo twataka kila msomaji aifahamu. Hoteli ya kwanza ilikuwa jirani mmoja pembezoni mwa kijiji. Kilichofuata ni kijiji kuuzwa nyumba baada ya nyumba, kiwanja baada ya kiwanja, mpaka mwenyeji akahamia nyuma, kwenye makuti, na nyumba ya babu yake ikawa ya kukodishwa kwa wageni kwa wiki, yeye akiingia humo kwa mlango wa wapishi.

HOJA ZA WATETEZI NA MAJAWABU YAKE

Hoja ya kwanza: wasema hoteli zimeleta kazi, na bila hoteli Shela ingekufa njaa.

Jawabu: Hatukatai kuwa zimeleta kazi. Wako mabaharia wa mashua, wapishi, wafuaji nguo, walinzi na mafundi wanaolisha watoto wao kwa jasho la halali katika nyumba hizo, na kumlaumu mtu huyo ni dhulma. Lakini kazi ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Kazi ya hoteli huja na mgeni na huondoka na mgeni. Mwaka 2011, mwezi wa Septemba, majambazi wa baharini walimuua Muingereza na kumteka mkewe huko Kiwayu. Mwezi uliofuata wakamteka mwanamke wa Kifaransa kutoka Manda, ng'ambo tu ya Shela, naye akafa mikononi mwao. Serikali za Ulaya zikawaonya watu wao, na vyumba vikawa vitupu. Mwaka 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni, na baada yake amri ya kutotoka usiku, hata wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Mwaka 2020 yakaja maradhi ya korona, ndege zikasita. Katika misiba hiyo mitatu, aliyekuwa na nyumba yake alikaa katika nyumba yake akavumilia. Aliyeiuza alikuwa hana mshahara wala nyumba wala thamani ya nyumba, kwani pesa zilikuwa zimekwisha zamani kwa arusi, na pikipiki, na safari. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kuwa Mtume (s.a.w.) alimtahadharisha mwenye kuuza nyumba au ardhi kisha asiitie thamani yake katika mfano wake, kuwa mali hiyo haielekei kubarikiwa. Nani miongoni mwetu hajaiona hadithi hiyo ikisadiki mbele ya macho yake?

Hoja ya pili: wasema lau si Wazungu, nyumba zile zingeanguka, wao ndio waliozifufua.

Jawabu: Ni kweli kuwa wengi wao walinunua magofu wakayajenga vizuri, na kwa sababu hiyo ufundi wa chokaa na nakshi haukufa. Hilo ni jema na twalisema. Walakini mikono iliyojenga ni ya nani? Ni ya mafundi wa Lamu na Shela. Ujuzi ni wa nani? Ni wa babu zao. Mgeni alileta pesa na subira tu. Pesa hizo wako watoto wetu waliokuwa nazo, huko Mombasa, na Nairobi, na Arabuni, nao walipendelea kuzitia katika maduka na magari. Kama gofu la babu yako linamfaa mtu wa Roma au Paris kulijenga, vipi halikukufaa wewe? Tatizo si kuwa sisi hatukuweza. Tulizidharau nyumba zetu, tukaona nyumba ya simenti na mabati ndiyo maendeleo, mpaka mwingine alipotuonyesha thamani yake kwa kuinunua.

Hoja ya tatu: wasema mtu ana haki ya kuuza mali yake, na sharia imehalalisha biashara.

Jawabu: Biashara ni halali, hapana anayepinga. Lakini yafaa tuulize nyumba hizi ziliuzwa vipi. Nyingi hazikuuzwa na mtu mmoja mwenye milki kamili. Ziliuzwa na warithi. Baba amekufa, mirathi haikugawanywa, miaka ishirini imepita, warithi wametawanyika. Tuchukue mfano: mtu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Nyumba yagawanywa mafungu 48: mke apata 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Hapo nyumba ni moja na wenyewe ni watano. Wakifa hao, mafungu huvunjika tena, na baada ya vizazi viwili hesabu yake yamtaka kadhi karatasi nzima. Anakuja dalali. Amtafuta aliye mbali zaidi, asiyelala katika nyumba hiyo wala kuipenda, amwahidi pesa taslimu. Huyo akikubali, huwashurutisha wengine. Ndugu aliye ndani ya nyumba hana pesa za kuwalipa wenziwe, basi nyumba huuzwa, na mama mjane hutolewa katika chumba alichozalia watoto wake.

Hiyo ndiyo biashara inayotetewa? Sharia yetu imeweka kizuizi hapa. Mtume (s.a.w.) amemkataza mshirika kuuza fungu lake kabla ya kumwarifu mshirika mwenziwe, na amethibitisha haki ya shufaa, yaani mshirika kutangulizwa mbele ya mgeni katika kununua, kwa masharti yaliyoelezwa katika vitabu vya fiqhi. Tena wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kuwa kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kuwa atazifanya ulevi ni haramu. Basi na mwenye kuuza nyumba iliyopakana na msikiti, hali ajua kwa yakini kuwa baraza yake itakuwa ya kunywea pombe, na ajibu mwenyewe.

Hoja ya nne si ya hao, ni ya wenzetu wakali, wasemao kuwa hoteli zote ni haramu, zifungwe, na wageni wafukuzwe.

Jawabu: Maneno hayo yana ushujaa wa mimbarini tu. Nyumba ya wageni yenyewe si haramu. Kumlaza msafiri na kumlisha kwa ujira ni kazi ya halali, na mwenye nyumba aweza kushurutisha kusiwe na ulevi wala uchi mbele za watu, na wageni wengi wenye heshima wakielezwa adabu ya mji huifuata. Tena twauliza: hao wanaotaka wageni wafukuzwe, ni nani aliyewauzia? Mkataba una sahihi mbili, na moja ni ya Muislamu. Kumpigia kelele mnunuzi na kumnyamazia muuzaji, kwa kuwa muuzaji ni jamaa yetu na husali safu ya mbele, si kuamrisha mema.

MAJI YA SHELA

Lipo jambo moja linalowahusu hata wasiokuwa na nyumba Shela. Vilima vya mchanga nyuma ya kijiji ndivyo vinavyonywesha kisiwa. Mvua hunyesha, mchanga huinywa, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi. Visima vilivyochimbwa huko ndivyo vinavyopeleka maji mjini Lamu. Maji haya hayana mto unaoyaleta, ni akiba ya mvua peke yake. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Mchanga ukichukuliwa, au vilima vikijengwa majumba yenye mashimo ya vyoo na mabirika ya kuogelea, akiba hupungua na kuchafuka.

Serikali ilikwisha kuvitangaza vilima hivyo kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na bado viwanja vimekuwa vikikatwa na kugombaniwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na malisho, na moto. Kitu cha ushirika hakiuzwi na mmoja. Anayeuza kiwanja katika vilima vya Shela ameuza maji ya mwanamke wa Lamu ambaye hajamwona wala hajamuuliza. Na watu wa Shela ndio wa mwisho kuhitaji kuelezwa jambo hili, kwani wazee wao waliuacha mji mzima huko Takwa, na maji kuingia chumvi ni moja katika sababu zinazotajwa. Takwa walikuwa na mahali pa kuvukia. Kutoka Shela watavukia wapi?

LA KUFANYWA

Haifai mtu kulaumu kisha akanyamaza. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, wakfu. Sayyidna Omar (r.a.) alipopata ardhi ya thamani huko Khaybar alimuuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini, akaelekezwa aishike asili yake na atoe manufaa yake, ikawa haiuzwi, haipeanwi wala hairithiwi. Hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa wetu. Mwenye nyumba, akiwa mzima wa mwili na akili, aweza kuifanya wakfu kwa kizazi chake, na kikikatika iwe ya msikiti au ya mayatima. Hapo dalali hana pa kushika. Mwaka 1894 baraza kuu la hukumu huko London liliamua, katika kesi ya Waislamu wa Bengal, kuwa wakfu wa namna hii si sahihi, na mahakama za Mwingereza za Afrika ya Mashariki zikafuata. Mali nyingi za familia za pwani zilifunguliwa njia ya kuuzwa kwa hukumu hiyo ya watu wasiojua fiqhi yetu. Lakini sheria ya wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 iliurejesha wakfu wa kizazi, na Tume ya Wakfu ipo Mombasa. Mlango uko wazi, ni sisi tusioingia. Na twatahadharisha: wakfu usifanywe hila ya kuwanyima mabinti haki yao. Anayefanya hivyo amejenga juu ya dhulma.

Pili, kodisha, usiuze. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema wazi kuwa asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Ikiwa sheria ya nchi yenyewe yamwita mgeni mpangaji, wewe wamfanya mwenye nyumba kwa sababu gani? Mpangishe kwa miaka michache, kwa maandishi, mbele ya wakili, na mtie sharti ya kutengeneza dari, sharti ya ulevi, na sharti ya kurejesha nyumba ikiwa nzima. Kodi ya kila mwaka itasomesha watoto wako na wajukuu wako; thamani ya kuuza huliwa na kizazi kimoja.

Tatu, warithi wasingoje. Mirathi igawanywe mapema kwa kadhi, na hati iandikwe. Asiyeitaka nyumba na atoke kwa sulhu, alipwe na nduguze kidogo kidogo. Na wenye uwezo katika mji, pamoja na wana wetu walio ng'ambo, waweke mfuko wa kukopesha bila riba ndugu anayetaka kuwanunua wenziwe nyumba isitoke nje. Pesa zinazotumika katika arusi moja ya kujionyesha zaweza kuokoa nyumba ya karne mbili.

Nne, watoto wafundishwe. Katika madrasa zetu mtoto huhifadhi majina ya vita vya Badri na Uhudi, na hilo ni la kwanza na ni wajibu. Lakini na ajue pia nani alijenga msikiti anaosalia, na kisima cha mtaa wake kilichimbwa kwa nia gani. Mwalimu awachukue Takwa mara moja kwa mwaka, awaonyeshe ukuta, na msikiti, na kisima. Mtoto aliyeyaona hayo hatamwambia mgeni kuwa kwao hapakuwa na kitu.

Huenda ikasemwa kuwa wakati umekwisha pita. Si kweli. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Lamu, na walioishitaki ni watu wa Lamu wenyewe, waliokuwa wakiambiwa kuwa jambo lile limekwisha amuliwa na wakubwa. Walisimama pamoja, wakaandika, wakashuhudia, na haki ikapatikana. Nyumba zilizobaki Shela, na Matondoni, na Kipungani, na katika vijiji vingine vya pwani, ni rahisi kuzilinda kuliko hilo, kwani hazihitaji mahakama. Zahitaji mwenye nyumba aseme hapana.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili aturuzuku kuiepuka. Azibariki nyumba zetu na maji yetu, awarehemu waliotutangulia, waungwana wao na watumwa wao, na awape watoto wetu mahali pa kurejea. Amin.

Wallahu a'lam.